Mti wa Kaburi, Mti wa Mpaka

Mimi sanamu sizipendi, na niliwaambia hivyo siku ya kwanza, kabla hawajanipa hata chai. Komite ilikuwa imekaa kwenye nyasi juu ya kilima kimoja nje kidogo ya Bunia, upande wa barabara ya Nizi, na mjumbe mmoja alikuwa amekwisha kupendekeza askari wa saruji aliyeinamisha bunduki. Mwingine alitaka njiwa. Nikasema kama ni njiwa wa saruji watafute mwingine wa kuwachorea, mimi narudi mjini. Wakacheka, wakidhani natania. Jina langu ni Prudence, yaani tahadhari, na wanaonifahamu vizuri husema padri aliyenibatiza alichanganya watoto.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Upande mmoja wa kilima kile wanakaa watu wa ng'ombe, upande wa pili watu wa mashamba. Wakati wa vita kila upande ulipoteza watu waliotoka asubuhi, huyu na jembe, yule na fimbo ya kuchungia, wasionekane tena, si mwili wala nguo. Sasa wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekubaliana, baada ya maneno mengi, wawe na mahali pamoja pa kuwakumbuka hao wasiokuwa na makaburi. Kilima kiko katikati na hakuna anayekilima. Shefu, chifu wa eneo lile, alikitoa kwa sharti moja, akalirudia hadi tukalikariri.

"Hii kilima haiko ya mutu," alisema. "Siku nitasikia iko ya mutu, nairudisha kwangu, na mawe yenu mutabeba."

Nilikipenda kilima mara moja. Mvua zikikolea nyasi zake hufika kiunoni, na ng'ombe wanaoshuka kwenda kunywa maji bondeni wamejichongea njia yao wenyewe kwenye mteremko. Ukikaa mahali fulani, chini kidogo ya kilele, Bunia yote inapotea. Huoni bati hata moja, unaona vilima tu, kimoja nyuma ya kingine mpaka vinakuwa bluu. Nikajiambia, Prudence, hapa usiharibu. Kilima kinajua kazi yake, wewe kipe kiti tu.

Ndivyo nilivyochora. Sikuweka ukuta wa mtu kusimama mbele yake na kuvua kofia. Nilichora mduara uliochimbwa kwenye mteremko, kama bakuli kubwa lililoinamishwa kidogo kuelekea bondeni, na ndani yake ngazi za mawe ya palepale, za kukalia. Kwetu kwenye kilio watu hukaa chini. Anayesimama ni mgeni au ana haraka. Paa hakuna. Mvua ikinyesha watu watalowa, au waende nyumbani. Na majina sikuandika. Hapo tulibishana sana, lakini nilishikilia. Ukiandika majina kwenye jiwe, kesho yake kuna mtu anasimama pale na kidole, anahesabu ya upande upi ni mengi.

Badala ya majina niliweka miti. Nyuma ya nyumba ya nyanya yangu kulikuwa na makaburi ya familia, na kila kaburi lilikuwa na mti wake, ule mwembamba wenye majani marefu kama ya mahindi, usiokauka hata kiangazi. Nyanya aliuita mti wa kaburi. Unakata tawi, unalichomeka ardhini, unalisahau, linaota. Mimi nilikulia mjini, kwa hiyo mti ule niliujua pale tu, nyuma ya nyumba ya nyanya, ambako tulicheza chini yake tukikatazwa kila siku. Basi kila asiye na kaburi apate mti wake, nilisema, na miti yote izunguke mahali pa kukaa.

Kwenye plani nilitia vitone vya kijani, kimoja kimoja, kuzunguka lile bakuli la mawe. Karatasi ilipita mkono kwa mkono. Kila mtu aliona vitone, kila mtu akavipenda. Muzee Osée, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote upande wake na maneno makali kuliko wote pande zote mbili, aliishika karatasi mbali na macho yake, akaitazama, akasema, "Hapo umefanya muzuri." Nilikuwa na raha siku nzima, maana mzee huyo hasifu hata mvua.

Lakini aliyenifanya niione kazi ile kama yangu mwenyewe ni Mama Alphonsine. Alikuja ofisini kwangu, chumba kidogo nyuma ya famasi, akavua kandambili mlangoni ingawa nilimwambia asivue. Yeye ni wa upande wa mashamba. Kijiji chao kiliungua, na sasa anaishi kwa mdogo wake, mtaani, kartie ya Bankoko, akiuza sombe, majani ya muhogo, sokoni. Mume wake, Evariste, alikwenda shambani asubuhi moja ya vita, na mpaka leo hajarudi.

"Mama injenieri," alisema, "ni kweli kila mutu atapata muti yake?"

"Ni kweli, mama."

"Na ya Evariste, nitaipanda miye, na mukono yangu?"

"Na mukono yako. Hakuna mutu mwengine ataigusa."

Akaniambia kwa nini anauliza, bila haraka, kama anayemweleza mgeni njia. Kwao kilio hakifungwi kwa maneno. Mnazika, mnapanda mti juu ya kaburi, kisha wale walioshika udongo wanakuja mbele ya mjane, naye anawamwagia maji mikononi. Wakishanawa, basi, mikeka inakunjwa na watu wanakwenda nyumbani. Yeye hajawahi kummwagia mtu maji. Watu walikuja kukaa naye siku zile, wakachoka, wakaondoka mmoja mmoja, na mkeka wake aliukunja mwenyewe. Mjane hakunji mkeka wake mwenyewe, alisema, ni wengine humkunjia. Tangu hapo hajaenda harusi ya mtu. Kanisani wimbo ukianza yeye hufungua mdomo tu, sauti haitoi.

"Miye siogope kufa," alisema. "Naogopa nikufe mbele ya kuifunga kilio. Nani ataifunga? Batoto yangu hawamukumbuke hata sura."

Nilimwahidi kwamba mti ataupata. Sina kawaida ya kuahidi watu kitu, maana saruji huchelewa na mafundi huugua, lakini huyo nilimwahidi, na alipoondoka nilikaa muda mrefu nikiangalia mahali alipokuwa ameacha vumbi la nyayo zake.

Kazi ya mawe ilikwenda vizuri. Fundi wangu mkuu, Fabrice, alizipanga ngazi zile kwa uvumilivu ambao mimi sijajaliwa. Fabrice ni mtu wa Mambasa, kule msituni, ambako miti ni mingi mno hata hakuna anayejisumbua kuuliza huu ni wa nini. Nilipomwambia alete matawi ya mti wa kaburi, nikamwonyesha jani, akaleta gari zima. Familia nyingi zimehamia mbali, kwa hiyo miti yao tuliwapandia sisi. Kwa wale waliotaka kupanda wenyewe siku ya kufungua, akiwemo Mama Alphonsine, tuliacha nafasi. Fabrice alishika kamba katikati ya bakuli, mimi nikatembea na ncha ya pili nikimwaga chokaa, na mduara ukatoka safi. Tukachomeka matawi juu ya ile chokaa. Jioni nikapanda kileleni kuutazama. Nasema ukweli, ulikuwa mzuri kuliko kwenye karatasi. Nilirudi mjini nyuma ya pikipiki nikiimba, mpaka dereva akaniuliza kama nimeposwa.

Asubuhi hapakuwa na tawi hata moja lililosimama.

Yote yalikuwa yameng'olewa na kutupwa, mengine chini kuelekea bondeni, mengine juu kwenye nyasi, mengine yalivuka njia ya ng'ombe yakaangukia ng'ambo. Aliyefanya kazi ile alikuwa na mkono wenye nguvu, na wala hakukimbia. Muzee Osée alikuwa amekaa kwenye ngazi yangu ya mawe, fimbo magotini, akinisubiri.

"Ni miye," alisema. "Usiulize mwengine."

Niliyomwambia sitayaandika yote. Yeye ni mzee wa kunizaa, na mama yangu bado yuko hai na anajua kusoma. Itoshe kusema kwamba Fabrice alisogea mbali akajifanya anatafuta nyundo. Muzee Osée alisikiliza mpaka nikakosa pumzi.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Bon, pumuzika kwanza. Nani alikutuma ukate kilima?"

"Sijakata kilima, Muzee. Nimepanda miti!"

"Ile haiko miti. Ile iko mupaka."

"Ni muti ya kaburi! Hata nyanya yangu alikuwa nayo nyuma ya nyumba!"

"Moja, ndiyo. Moja ni kaburi." Akaweka kidole kimoja juu ya jiwe. "Sasa pandisha ya pili, pandisha ya tatu, vuta kamba. Ile ni muti ya mupaka. Shamba yote ya huku, ukitaka kujua inaisha wapi, unaangalia ile muti. Sasa niambie, mutoto yangu. Ndani ya hii muduara ni ya nani? Na siye wa inje, tuko inje ya nini?"

"Lakini uliona plani! Ulisema nimefanya muzuri!"

"Kwenye karatasi ilikuwa vitone. Kitone, kitone, kitone. Nilisema, voilà, makaburi. Weye ulikuja hapa na kamba."

Niligeuka kuutazama mduara wangu. Alikuwa na haki. Pale kwenye chokaa yangu mstari ulionekana bado, mweupe, umezunguka sehemu nzuri kuliko zote za kilima kama mtu anayesema hapa ni pangu. Njia ya ng'ombe ilikuwa inaishia kwenye mstari ule na kuendelea upande wa pili. Nilikuwa nimeipita mara ngapi nisione kwamba naikata?

Kisha akaniambia kuhusu mwanawe. Alisema polepole, akikwangua jiwe kwa ncha ya fimbo.

"Fiston alikufa juu ya mustari ya hii miti. Tulilala vizuri. Asubuhi mustari imesogea, imeingia kwetu. Akasema, baba, naenda kuuliza. Kuuliza tu, hakubeba hata fimbo. Hata mwili hawakunipa."

Nikakaa karibu naye. Nilimwonea huruma na bado nilikuwa nimemkasirikia, vyote pamoja, na sikujua nianze na kipi. Tulikaa tukitazama vilima, na hapo ndipo nilipogundua kwamba angalau ngazi za Fabrice zinakalika.

Habari zilimfikia shefu kabla yangu. Watu wa mashamba walikuwa wanasema watu wa ng'ombe wameng'oa makaburi yao. Watu wa ng'ombe walikuwa wanasema watu wa mashamba wamejiwekea mpaka kwa mkono wa injenieri. Kila upande ulikuwa na hakika. Shefu akasimamisha kazi. Hakuna kufungua kitu, alisema, na hakuna mtu kupanda kule kugusa hata jani mpaka mvua zipite. Mvua zikipita na maneno haya yakiwa bado yapo, anakirudisha kilima kwake kama alivyosema, na mawe tutabeba.

Nilikwenda sokoni mwenyewe kumwambia Mama Alphonsine. Alikuwa anafunga mafungu ya sombe kwa kamba za mgomba. Nilimweleza yote, pamoja na ile kamba na chokaa na habari ya Fiston, nikitegemea angalau anitukane. Ningependa anitukane.

"Nilifikiri utazipanda moja-moja," alisema tu.

"Kwa nini hukuniambia, mama, kwamba mustari ni mupaka?"

"Kwenye karatasi ilikuwa moja-moja." Akachukua fungu lingine. "Bon. Basi nitakaa tena kidogo."

Kukaa, alimaanisha kukaa kwenye kilio. Alisema hivyo kama mtu anayengojea gari lililochelewa, na mimi nilitembea kutoka soko lile hadi nyumbani nikijichukia kila hatua.

Mvua zikaanza. Zilinyesha kwa fujo mwaka huo, barabara ya Nizi ikawa tope. Mimi nilichukua kazi nyingine mjini, duka la mtu, choo cha shule moja, na kila nilipopata nafasi nilirudi kuchora kilima upya. Nilipanga miti miwili miwili, ikawa mstari. Nikaipanga kwa safu fupi fupi, ikawa mistari mingi badala ya mmoja. Mwisho nikaitawanya makusudi, huku mmoja, kule mmoja, nikamwonyesha Fabrice. Aliitazama karatasi, akainamisha kichwa upande huu na upande ule.

"Inafanana na mutu anajifanya hajapanga," alisema.

Nilimfukuza ofisini, lakini alikuwa ameniambia kweli. Chochote nilichochora mimi, mtu angeweza kusimama mbele yake na kuuliza kwa nini huu uko hapa na haukuwekwa pale, na nani aliamua. Na mwenye kuamua alikuwepo, nilikuwa mimi na kalamu yangu. Nikaacha kuchora. Nilikubali moyoni kwamba kilima kitarudi kwa shefu na kwamba Mama Alphonsine atakufa amekaa, na hilo la pili lilinifanya nisitake hata kupita njia ya soko.

Mvua zilipopungua nilimwomba shefu ruhusa ya kwenda kuchukua vyombo vya Fabrice vilivyobaki kule juu. Akanipa, lakini bila kunitazama. Nilipanda peke yangu asubuhi, nyasi zimenifika kifuani, na ng'ombe wa Muzee Osée walikuwa wanashuka kwenye njia yao, mmoja nyuma ya mwingine. Nilisimama kuwapisha. Hapo nikaona jani.

Lilikuwa jani refu, la kijani kibichi, limetokeza katikati ya nyasi pasipokuwa na sababu. Nikasogea. Lilikuwa tawi mojawapo, limelala vilevile lilivyotupwa, limezamisha mizizi kwenye udongo uliolowa, na ubavuni limechipua. Nikainua macho. Kulikuwa na lingine ng'ambo ya njia, na lingine bondeni, mawili karibu karibu kama wanaosemezana, halafu sehemu kubwa tupu, halafu moja peke yake kileleni kabisa. Mengine yalikuwa yamekufa. Mengi yalikuwa hai. Kilima chote kilikuwa na miti, na hakuna mtu aliyekuwa ameipanda.

Nilicheka kwa sauti. Nilicheka mpaka ng'ombe wakageuza shingo, na nyuma yao akatokea Muzee Osée na uso wa mtu aliyeibiwa.

"Niliitupa ikauke," alisema.

"Muzee, huu muti haukauke. Nyanya yangu alikuwa anasema."

"Najua haukauke! Lakini hasira haikumbuke."

Alisimama akitazama. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa kushuku hadi mwisho, alianza kutafuta mpaka. Alifumba jicho moja, akanyoosha fimbo kutoka mti mmoja kwenda mwingine. Hii na ile, akanong'ona, na ile. Hapana, ile imetoka. Akahamia upande wa pili, akaanza upya. Mimi nikamfuata, nami nikifumba jicho, maana tabia ya kutafuta mistari ni ugonjwa wangu pia. Ng'ombe walipita katikati ya miti wakienda zao. Hawali jani lile, ni chungu kwao. Tulizunguka kilima kizima, na kama kuna mtu katika nchi ile anayeweza kuona mpaka hata pale usipokuwepo, ni yeye.

"Haigawe kitu," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa karibu ya masikitiko. "Nani aliweza kupanga namna hii?"

"Ni weye, Muzee."

"Miye sikupanga. Miye nilikuwa na kasirani."

"Ndiyo maana."

Akacheka, meno yake machache yote yakaonekana. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka. Jioni hiyo hiyo alikwenda kwa shefu yeye mwenyewe, akasema maneno ambayo sikuyasikia, na siku iliyofuata wazee wa upande wa mashamba walipanda kilima na kutembea kwenye nyasi hadi mchana, wakitafuta mpaka kwa nia mbaya kabisa, wasiuone. Shefu akasema basi, fungueni.

Tulifungua siku ya wazi, yenye upepo kidogo. Hakukuwa na askari wala njiwa. Hotuba zilikuwa fupi kwa sababu nilikuwa nimekataza jukwaa, na mtu anayehutubia akiwa amekaa chini huchoka haraka. Kisha watu wakainuka, wakaenda kila mmoja kuchagua mti wake, wa upande huu na wa upande ule wakipishana kwenye nyasi.

Mama Alphonsine alikuwa amekuja na mkeka wake na bidoni, dumu dogo la maji. Aliacha mkeka kwenye ngazi, akabeba bidoni, akatembea kati ya miti bila haraka. Nilimfuata nikimwonyesha ile mizuri, iliyosimama, yenye majani mengi. Aliipita yote. Akasimama chini ya njia ya ng'ombe, mbele ya tawi lililokuwa limelala kwa ubavu kwenye matope makavu, nusu ya mizizi nje, na majani mawili tu.

"Ni hii," alisema.

"Mama, hii ni mbaya. Iko na nyingine pale..."

"Ni hii." Kisha sura yake ikabadilika, na nikajua anawaza nini kabla hajasema. "Lakini nilitaka kuipanda miye mwenyewe. Nani aliipanda hii?"

Nikageuka. Muzee Osée alikuwa amekuja nyuma yetu. Angeweza kunyamaza, na nilimwomba kwa macho anyamaze. Akavua kofia.

"Hakuna mutu aliipanda, mama," alisema. "Ni miye niliitupa. Na kasirani."

Mama Alphonsine hakugeuka. Alikuwa bado anatazama lile tawi.

"Na Evariste pia walimutupa," alisema.

Upepo ulipita kwenye nyasi. Muzee Osée alisimama na kofia yake mkononi, na sikuona uso wake kwa sababu aliuinamisha. Kisha akaweka fimbo chini, akapiga magoti, jambo ambalo kwa miguu yake si dogo, akaanza kuchimba kwa vidole. Mama Alphonsine naye akapiga magoti upande wa pili. Yeye alilishika tawi, akalisimamisha, akalishikilia hivyo kwa mkono wake mwenyewe, na mzee akakusanya udongo kwa mikono miwili, akaushindilia, akakusanya mwingine. Lilipokuwa limesimama imara, Mama Alphonsine aliliachia. Akainuka, akafungua bidoni.

"Leta mikono, baba."

Muzee Osée alimtazama, kisha akatazama mikono yake iliyojaa udongo. Alijua maana yake. Kwao pia hufanya hivyo.

"Miye?"

"Ni weye ulishika udongo."

Akanyoosha mikono. Mama Alphonsine alimmwagia maji, polepole, na udongo ukatoka, na ulipokwisha kutoka aliendelea kummwagia. Mzee alilia wazi, kama mtoto, bila kuficha uso, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi. Nami nililia, na sioni aibu.

Alipomaliza, Mama Alphonsine aliitikisa bidoni kusikiliza.

"Inabakia maji," alisema. "Ya Fiston iko wapi?"

Muzee Osée akaonyesha juu, kwa mkono uliolowa, kule kwenye mti uliosimama peke yake kileleni. Wakapanda pamoja kwenye njia ya ng'ombe, yeye mbele na bidoni, mzee nyuma yake na fimbo.

Mkeka wake ulikuwa umebaki kwenye ngazi ya mawe. Niliukunja mimi.